Binti Aliyehitimishwa Kabla ya Kufika

Hebu niambie bila kuzunguka: mtoto wako akibaki nyuma ya wenzake, unayemwonea haya ni yeye, au ni nafsi yako? Usijibu haraka. Msikilize kwanza Bi Mwanaheri.

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba hapo zamani katika mji mmoja wa pwani aliishi mja mwema aliyeitwa Bi Mwanaheri binti Kombo. Alikuwa mjane, mcha Mungu, na ukumbi wa nyumba yake ulikuwa ndio chuo cha wasichana wa mji mzima. Alifunga Jumatatu na Alhamisi. Hakusengenya mtu. Wanawake waliokuwa wakisengenya wakimwona anakuja walikatiza maneno na kuanza kuulizana bei ya samaki. Kwa mikono yake walihitimu binti za matajiri na binti za wapasua mawe, wote kwa mkeka mmoja na bakora moja, ambayo kwa kweli haikuwahi kumpiga mtu.

Mola alimruzuku mtoto mmoja tu, Salha. Alizaliwa mzima wa viungo, mzuri wa sura, ila mwendo wake ulikuwa mwingine. Watoto wa rika lake walitembea kabla ya kutimiza mwaka na nusu. Yeye alisimama akiwa na miaka mitatu, akatazama huku na huku, kisha akaketi tena. Neno lake la kwanza lilikuja akikaribia miaka mitano. Ukimwuliza jambo, alilichukua, akaenda nalo, na akarudi na jibu wakati wewe umeshasahau uliuliza nini. Asubuhi moja mamake alimwuliza kama chumvi ingalipo. Baada ya sala ya alasiri Salha akaja akasema, "Ipo, mama, lakini imeshika maji." Na ndivyo ilivyokuwa.

Katika kusoma alikuwa vivyo hivyo. Wenzake walikaa na herufi miezi mitatu, yeye alikaa nazo miaka miwili. Alisoma kwa hijai, herufi baada ya herufi, irabu baada ya irabu, kwa sauti, huku akiyumbayumba juu ya ubao wake, na hakukubali ubao uoshwe mpaka aliyoandikiwa yamkae. Lakini yakishamkaa, hayakutoka. Wale wepesi walisahau wiki ya pili walichokijua wiki ya kwanza. Salha hakusahau kitu. Bi Mwanaheri aliliona hilo. Aliliona vizuri, kwa kuwa alikuwa mwalimu, na ndiyo sababu yaliyofuata hayana udhuru.

Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba wasichana wa rika moja hutolewa chuoni siku moja. Hufungwa pazia zito pembeni mwa ukumbi, na kila binti huingia nyuma yake kwa zamu, yeye na mwalimu wake tu, asionekane na yeyote, ili watu walisikie neno la Mola wao wasije wakamtazama msomaji. Wanawake hukaa ndani, wanaume hukaa barazani pamoja na kadhi. Akimaliza, hutoka amefukizwa udi, akanyunyiziwa marashi, akatembezwa mitaa yote kwa kasida. Tangu hapo ni msomi. Hakai tena mkekani na wanafunzi.

Rika la Salha walikuwa wasichana saba. Walipotimiza miaka kumi na minne, sita walikuwa wamemaliza msahafu wote. Salha alikuwa amefika Wadhuha, katika zile sura fupi za juzuu ya mwisho, ambazo watoto wa miaka saba huzisoma huku wakikimbizana.

Jirani yao, Bi Mboja, mama wa mmoja wa wale sita, alikuja na sinia la vitumbua na ulimi wake.

"Shoga, siku ndiyo hiyo imekaribia. Na wa kwako naye yumo?"

"Mungu akijaalia," akasema Bi Mwanaheri.

"Mungu hujaalia, mwenzangu, ila nasikia bado anapigana na Wadhuha." Akacheka, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Watu wana maneno. Wanasema Bi Mwanaheri anafundisha watoto wa wenzake, wake anamlisha tu. Mimi nimewaambia nyamazeni."

Bi Mwanaheri alitabasamu, akala kitumbua, akasema kina iliki nzuri. Usiku ule aliswali sana. Lakini hakumwomba Mola ampe subira ya kumngoja mtoto. Aliomba asifedheheke. Ukiyasikia harakaharaka, maombi hayo mawili utadhani ni ndugu.

Alikuwa na mpwa, Zuwena, msichana mkubwa aliyehitimu miaka mingi nyuma, mwenye sauti ya kumfanya mpita njia asimame. Babake alikuwa akijiandaa kuhamia mji wa mbali. Bi Mwanaheri akamwita kando na kumwambia neno. Zuwena akainama.

"Shangazi, watu watadhani ni Salha."

"Sitasema ni Salha. Sitasema chochote. Wewe utasoma, basi."

Hivyo ndivyo mcha Mungu anavyodanganya: huupanga ukumbi vizuri, kisha hunyamaza.

Siku ile ilipofika, Zuwena alipitishwa mlango wa uani mapema, akafichwa chumbani, na wale sita walipomaliza akapenyezwa nyuma ya pazia kwa mlango wa ndani. Zamu ya Salha ikafika. Akaingia, amevaa nguo mpya, akamkuta binamu yake na msahafu magotini.

"Mama," akanong'ona, "Zuwena atanisomea?"

"Atakusaidia."

Salha akafikiri kwa muda wake. Nje watu walikuwa wakikohoa kwa kungoja.

"Kisha nitasoma yangu?"

"Utasoma, mwanangu. Kaa."

Zuwena akasoma. Wanasema kadhi alilia, na wapasua mawe waliokuwa wakipita walitua mizigo yao. Bi Mboja alishika kifua akasema, "Subhanallah, kumbe alikuwa akificha!" Na ndani ya pazia Salha alikaa ameyafumba macho, midomo yake ikichezacheza, akiirudia Wadhuha yake kimoyomoyo ili isimpotee, maana alikuwa akingoja zamu yake. Zuwena alipofunga msahafu, Salha alivuta pumzi ili aanze. Mamake akamshika mkono, akamwinua, akamtoa nje kwenye vigelegele.

Akatembezwa mitaa yote. Hakulalamika. Alidhani, kwa kuwa aliambiwa atasoma, basi pengine ni kesho.

Asubuhi yake watoto walipokusanyika chuoni, Salha alikuja na ubao wake, akakaa mahali pake pa siku zote, kati ya watoto wa miaka saba.

"Ondoka hapo, mwanangu," akasema Bi Mwanaheri. "Wewe umehitimu."

Salha akamtazama. Jibu lilichukua muda, na lilipokuja lilikuwa la sauti ya chini.

"Sijafika, mama."

"Najua. Tutasoma ndani, mimi na wewe."

Na alikusudia kweli. Tusimpunguzie haki yake. Siku ya tatu walikaa jikoni, mlango umefungwa. Lakini Salha hakujua kusoma kimya. Herufi isiyopita mdomoni mwake haikumfika moyoni. Akaanza hijai kwa sauti, polepole, kama alivyozoea, na mara sauti ya Bi Mboja ikapanda juu ya ukuta wa uani.

"Shoga! Nani huyo anayesoma hijai saa hizi?"

Bi Mwanaheri akamziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Hakuwahi kumpiga, na mkono ule ulikuwa laini, lakini ulikuwa mdomoni.

"Mtoto wa mgeni," akajibu.

Alipouondoa mkono, Salha hakuendelea. Aliuosha ubao mwenyewe, kabla maandishi hayajamkaa, akauegemeza ukutani, akaanza kuchambua mchele.

Mwezi ujao, alisema Bi Mwanaheri moyoni. Majirani wakienda shamba. Baada ya Ramadhani. Huyu mtoto alijua kungoja kuliko mtu yeyote katika mji ule, na mamake akaitumia subira yake kama shimo la kutupia taka. Miaka sita ikapita hivyo.

Katika miaka hiyo watu walipofiwa walimtuma mtu aje kuomba: "Bi Mwanaheri, tupe Salha akamsomee marehemu." Naye alijibu kwamba koo linamsumbua. Mji ukamletea tangawizi, asali, na mafuta ya ufuta ya kuchua shingo. Koo la Salha likawa maarufu kuliko magonjwa yote ya mji. Hatimaye watu wakachoka, wakasema anaringa. Kisimani mwenzake mmoja wa wale sita alimwambia mbele ya wengine, "Mpisheni msomi achote kwanza, asije akaliudhi koo lake." Wakacheka. Salha akachota, akarudi, na jioni mamake akamwona amekaa kwenye kizingiti, akirudiarudia kwa ulimi bila sauti zile sura alizozijua. Hazikuongezeka hata moja. Na hazikupungua.

Bi Mwanaheri akazidisha ibada. Juu ya Jumatatu na Alhamisi akaongeza siku tatu za katikati ya kila mwezi. Akalisha maskini, akatandika mikeka mipya msikitini. Aliongeza kila kitu alichoweza kuongeza, isipokuwa sentensi moja. Watu wakamsifu zaidi, na kila sifa ilimwingia kama maji kwenye sikio.

Ikatukia kwamba katika mji wa jirani, mwendo wa siku nzima kwa miguu, mwalimu wa wasichana alifariki. Watoto zaidi ya ishirini wakabaki bila wa kuwafundisha. Wanawake watatu wakatumwa, wakiongozwa na Bi Kauthari, mzee mwenye macho yaliyokwisha kuingia ukungu, waje kumwomba Salha awe mwalimu wao. Walifika baada ya alasiri, wakatandikiwa mkeka ukumbini. Bi Mboja naye aliingia, kwa kuwa hakuna mgeni aliyefika mtaa ule bila yeye kumjua, akashika birika la kahawa kama mwenye nyumba.

"Mimi siku ile nilikuwepo," akasema Bi Kauthari. "Nilikuja kumzuru dada yangu. Miaka sita, na sauti ile haijanitoka. Bi Mwanaheri, binti zetu wanakaa bure. Tupe Salha. Nyumba ipo, wanafunzi wapo, Ijumaa ijayo aanze."

Bi Mwanaheri alihisi ulimi wake ukilitafuta lile koo. Lilikuwa tayari, limezoea njia. Akafikiria na jingine: aende tu, mbali, kule hawajui. Akawaona wale watoto ishirini wakimtazama Salha wakingoja afungue msahafu. Akafungua kinywa, na kabla hajasema, Bi Kauthari akamgeukia binti mwenyewe.

"Mwanangu, wewe wasemaje?"

Salha akalichukua swali, kama kawaida yake. Wale wageni wengine wawili wakatazamana. Bi Mboja akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Bi Mwanaheri peke yake ndiye aliyejua kwamba jibu limo njiani, na kwamba halikuwahi kufika likiwa na uongo.

"Siwezi, bibi," akasema Salha. "Msahafu sijui kuusoma. Nimefika Wadhuha tu."

Wanawake wakageuka kumtazama. Kisha uso wa Bi Kauthari ukachangamka, machozi yakamtoka.

"Mnasikia? Aliyefika mwisho anasema yuko mwanzoni! Wenzangu, elimu ndiyo hii. Wangapi wamehitimu wakawa hata salamu hawaitikii?"

"Mashaallah, mashaallah," wakaitikia wenzake.

"Ni kweli, bibi," akasema Salha. "Sijui."

"Kweli kabisa, mwanangu, kweli. Nani katika sisi anajua?" Bi Kauthari akampapasa mkono, akaushika. "Huyu simwachi."

"Msimwache!" akasema Bi Mboja. "Na mie nilidhani anaringa, kumbe ni unyenyekevu!"

 Salha alikuwa ameusema ukweli mara mbili, peupe, mbele ya mashahidi, na ukweli wake ulikuwa umepokewa kwa sifa ukageuzwa kuwa pambo. Hakumtazama mamake. Katika miaka sita hakuwahi kumtazama kwa kumshitaki, na hata sasa hakufanya hivyo. Aliuacha mkono wake katika mkono wa yule mzee, kama mtu anayengoja kuambiwa aende wapi.

Wacha Mungu wa kale tunawasifu kwa subira, na huku huwa tunasahau kuuliza ni nani aliyekuwa akisubiri. Katika nyumba ile aliyesubiri alikuwa mtoto. Mamake alikuwa na saumu na sala za usiku, na vyote hivyo Mola ndiye wa kuvipima, lakini mlango mmoja tu wa toba ulikuwa wazi kwake, nao ulikuwa ukumbini pake, mbele ya Bi Mboja mwenye birika.

Bi Mwanaheri akasogeza kikombe chake pembeni.

"Mwachie mkono, Bi Kauthari," akasema. "Huyu hanyenyekei. Anakwambia kweli. Ile sauti uliyoisikia ni ya Zuwena, binti wa kaka yangu. Nilimpitisha mlango wa uani, nikamweka nyuma ya pazia, kwa sababu niliona haya watu waseme wangu amebaki nyuma. Hakuwa amebaki. Alikuwa akienda, taratibu, kwa miguu yake, na angefika. Mimi ndiye niliyemsimamisha."