Maji Machafu ya Kezia

Paukwa! Mbona kimya kama mmemeza ndimu? Paukwa! Enhe, pakawa. Tulieni sasa, maana kisa hiki duniani hakuna akijuaye kama mimi.

Zamani, ile zamani ambayo hata babu yangu aliisikia tu, huko Amerika, kandokando ya msitu, waliishi wahamiaji katika nchi iliyokuwa na wenyewe. Mmoja wao, Mzee Obadia, alijenga nyumba ya magogo. Dohani, ile njia ya moshi, akaijenga kwa vijiti na udongo, akaiinamisha nje, akaitegemeza kwa nguzo mbili.

"Ikishika moto," akamwambia bintiye Kezia, "ng'oa nguzo, ianguke nje. Nyumba itapona."

"Aa, Baba, hilo hata kuku analiweza!"

Kezia huyo! Miaka kumi na sita, mguu hautulii, mdomo hautulii. Baba akaenda kuwinda. Theluji ikashuka, ikashuka, ikashuka. Kezia akabaki na bibi yake, Mehetabeli, asiyeweza kutembea, na mahindi ya chungu kimoja. Akaenda mlangoni, akarudi. Akaenda, akarudi.

"Kaa, we mtoto, unanitia kizunguzungu!"

"Nikikaa nitaganda, Bibi."

Na maji machafu je? Shimo la kumwagia lilikuwa mbali. Kezia akawa anayamwaga nyuma ya nyumba, penye nguzo. Leo pwaa, kesho pwaa. Mnacheka? Nyie mnamwaga wapi?

Asubuhi moja akaichoka baridi, akashindilia kuni mekoni. "Bibi, leo utatoka jasho!" Moto ukapanda, vuuu! Dohani ikashika.

Kezia mbio nje. Akavuta nguzo. Wapi! Akavuta tena. Wapi! Maji yake yote yameganda, yamezing'ata nguzo kama mbwa na mfupa. Cheche zinarukia paa, na bibi yumo ndani.

"Bibi, hazing'oki!"

"Zina nini?"

"Barafu. Ni... ni maji yangu."

Bibi akatazama chungu. Uji wa yale mahindi ulikuwa ukitokota, chakula chao cha mwisho.

"Basi nguzo zina njaa kutushinda sisi. Zilishe!"

Kezia akarudi ndani mbio. Akabeba chungu, akaumwaga uji wote chini ya nguzo. Barafu ikalia, ikapasuka. Akavuta, hiii! Moja ikachomoka, ya pili ikafuata, dohani ikaangukia thelujini, pu! Paa likapona.

Tumbo je? Kezia akaziba kwa ngozi tundu la ukutani lililoachwa na dohani, akaokota makaa, akayatia chunguni, akayaweka miguuni pa bibi. Kisha yeye, msema hovyo wetu, akapiga magoti nje akikwangua uji uliogandia barafu. Wakaula hivyohivyo, na udongo wake, mpaka Baba akatokea na kulungu begani.

"Jamani, mlikuwa mkila nini?"

"Makombo ya nguzo zako," akasema Bibi.

Kezia akachukua ndoo ya maji machafu, akashika njia ya shimoni, kule mbali.

Basi nanyi, msimwage uchafu penye nguzo inayowabeba. Kisa kimefika mekoni: aliyekipenda achukue kaa, asiyekipenda azoe jivu.