Uchakavu, Simama!

Hadithi, hadithi!

*Hadithi njoo! Na risiti yake njoo!*

Mmeitikia kivivu. Nyie wa nyuma mnaitikia kama watu waliosaini bila kusoma. Tena. Hadithi, hadithi!

*Hadithi njoo! Na risiti yake njoo!*

Haya, sasa tunaweza kuaminiana. Kidogo.

Hapo kale, enzi wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko chakula, palikuwa na kijiji kikiitwa Sagasaga. Wanawake wa Sagasaga walisaga mtama kwa jiwe mpaka viganja vikapasuka. Wakasema: tumechoka. Wakachanga, huyu madebe mawili ya mtama, yule matatu, mpaka yakatimia tisini. Wakanunua mashine ya kusaga. Punda akaajiriwa kuizungusha. Kicheche akachaguliwa mweka hazina, kwa sababu alikuwa na kalamu. Msicheke. Nyie mmechagua wangapi kwa sababu ya kalamu?

Sasa, palikuwa na Nungunungu. Binti huyu alisomea uhasibu, digrii nzima, na digrii yenyewe iko darini kwa mama yake inatafunwa na panya. Alipoomba kazi mara ya kwanza akaambiwa: experience. Akaomba mara ya pili: experience. Mara ya tatu hata hawakumwambia neno, walimtazama tu miiba. Akaishia kuuza mahindi ya kuchoma, akiwatazama watu kwa jicho la pembeni.

Kila mavuno kikao kiliitwa. Mwaka wa kwanza Kicheche akasimama, manyoya yanang'aa, kitabu amekifungua kidogo kama mlango wa mtu anayedaiwa kodi. Akasoma:

"Mapato, madebe arobaini. Mshahara wa Punda, kumi. Uchakavu wa mashine, thelathini. Faida, sifuri. Gawio, sifuri. Any question? Hakuna. Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!" wakaitikia wote.

Nani alielewa? Hakuna aliyeelewa. Lakini nani atanyoosha mkono aonekane mshamba?

Mwaka wa pili, kitabu kile kile, ufa ule ule. Mapato arobaini, Punda kumi, uchakavu thelathini, gawio sifuri. Tumeelewa?

"Tumeelewaaa!"

Nungunungu alikuwa nyuma na jiko lake la mkaa. Mwiba mmoja ukamsimama mgongoni. Akamtazama Kicheche. Mwaka jana tumbo lilikuwa la mjumbe. Sasa lilikuwa la mwenyekiti. Akalitazama ghala la kijiji, kufuli limeota kutu, panya hata mmoja hapiti. *Ghala lisilo na panya lina nini ndani?* akajiuliza.

Akamnong'oneza mama yake, "Mama, huyu anatuibia."

"Nyamaza, mwanangu. Watasema una wivu kwa kuwa huna kazi."

Na kweli wangesema. Nyie hamsemi?

Mwaka wa tatu ukaja. Mapato arobaini, Punda kumi, uchakavu thelathini, gawio sifuri. Lakini safari hii Kicheche akaongeza kitu. Akakohoa, akashika kifua.

"Ndugu zangu, nina huzuni. Mashine tulinunua madebe tisini. Uchakavu thelathini, mara tatu, ni tisini. Kwa hiyo kitabuni mashine yetu ina thamani ya sifuri. Sifuri kabisa! Mimi, kwa moyo wa kujitolea, nitaubeba mzigo huu nikauhifadhi kwangu. Tumeelewa?"

Mama Nungunungu alikuwa amechanga madebe matatu, akiba yake yote. Akavigeuza viganja vyake akavitazama. Vilikuwa vimeanza kupona.

"Tumeele..."

"Mimi sijaelewa!"

Vichwa vyote vikageuka. Nungunungu amesimama, hindi mkononi, linafuka moshi.

"Wewe si muuza mahindi?" akauliza Kicheche.

"Ndiyo, na ukinunua nakupa chenji. Samahani, Mheshimiwa, nifundishe. Mashine inasaga bado?"

"Inasaga."

"Basi sifuri ni ya kitabu, unga ni wa kweli. Tusubiri kidogo hapo. Uchakavu ulilipwa?"

Kicheche akaona mjinga kajileta. Akatabasamu meno yote. "Ulilipwa wote. Mimi sina deni na mtu."

"Mtama wake umetoka ghalani?"

"Utoke wapi kwingine?"

"Ahsante. Mwenyekiti, naomba nichore."

Nyati, mwenyekiti, alikuwa ameanza kusinzia. Akatikisa pembe: chora. Nungunungu akachora mstari mrefu mchangani kwa bua la hindi.

"Huu ni ukurasa wa ghala. Kushoto, kilichoingia. Kulia, kilichotoka. Kikitoka kitu, kuna aliyekipokea. Hakuna mtama unaotoka ukaenda kwa hakuna. Mmenielewa, au mnaniitikia tu?"

"Tumekuelewa," akasema Ngiri, "na kwa mara ya kwanza si uongo."

Kushoto akaandika miaka mitatu: mia na ishirini. Kulia: Punda thelathini, Uchakavu tisini.

"Sasa, kila aliyepokea asimame. Punda!"

Punda akasimama. "Mimi hapa. Kumi kila mwaka, na ya mwisho yalikuwa na mawe."

"Umeonekana. Uchakavu, simama!"

Kimya.

"Uchakavu, simama!"

Wengine wakaanza kutazamana kwa mashaka. Ngiri akamsogelea jirani yake akamnusa, asije akawa ndiye.

"Uchakavu, simama! Umekula madebe tisini, hata kusimama huwezi?"

"Labda kasafiri," akasema Punda.

"Wapi? Anatoka kijiji gani? Nani kamwona akibeba gunia?" Nungunungu akamgeukia Kicheche. "Mheshimiwa, ulilipa nani?"

Jasho likamtoka Kicheche. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama mlango ambao haukuwepo maana kikao kilikuwa uwanjani.

"Nili... nilipokea mimi. Kwa niaba yake."

Eeeh! Mmesikia wenyewe, mimi sijaongeza chumvi!

"Kwa niaba yake!" Nungunungu akapiga kofi. "Jamani, uchakavu hauli. Hauna mdomo. Ni kalamu inayotukumbusha kwamba mashine inazeeka. Unaandikwa kwenye ukurasa wa mashine, hauchukui hata punje ghalani! Madebe thelathini ya kila mwaka yanabaki pale pale, ili mashine ikifa tununue nyingine. Huyu kauza uzee wa mashine, akala bei, sasa anataka na mashine yenyewe!"

Kijiji kikanguruma. Kicheche kuona hivyo akainua mkia, akaachia harufu ambayo mpaka leo mnaijua. Watu wakaziba pua. Lakini Mama Nungunungu, aliyesaga kwa moshi wa kuni miaka arobaini, pua yake haikushtuka. Akamdaka mkia.

"Andika, mwanangu," akasema. "Kicheche, mdaiwa. Madebe tisini."

Wakaenda kwake. Wakakuta madebe themanini na mawili. Manane alishayageuza tumbo. Yakarudi ghalani, na manane yakabaki kwa jina lake kitabuni. Mashine haikutoka uwanjani.

Nyati akakohoa. "Tunamshukuru msomi wetu. Next agenda: nafasi ya mweka hazina itatangazwa. Sifa: experience ya miaka mitatu."

"Nani hapa ana experience ya miaka mitatu?" akauliza Nungunungu, taratibu sana.

Wakatazamana. Halafu wote, pole pole, wakamtazama Kicheche. Naye, wallahi, akanyoosha mkono.

Nungunungu hakubishana. Alikwenda mbele, akakiweka kitabu chini, akakigeuzia mgongo, akakaa. Miiba yote ikasimama, kra-kra-kra.

"Anayekitaka aje akichukue. Na kila mavuno nitakifungua wazi, hapa mchangani, nanyi mnikague. Msiniamini hata mimi."

Hakuna aliyekuja. Mkiona nungunungu leo anawageuzia mgongo, msiseme hana adabu. Yuko kazini. Na Kicheche, ukimwuliza risiti, bado anajibu kwa harufu.

Hadithi yangu nimeitoa, nyie mmeipokea. Iliyowapendeza iandikeni kushoto, iliyowachoma iandikeni kulia. Zisipolingana, msinitazame mimi. Mkagueni mwenye kalamu.