Mkate Uliosubiri Amani

Sauti ya jiwe la kusagia ndiyo iliyomwamsha Domnina, usiku umekwisha kuwa mkubwa na mji wa Antiokia umelala; hivyo ndivyo waumini wa kale walivyopokezana kisa hiki, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Jiwe linazunguka, linakwaruza, linanyamaza, linaanza tena, ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake Marthana. Domnina alijua linasaga nini. Linasaga ngano ya mkate wa meza ya Bwana, mkate ambao tangu aolewe alikuwa akiuoka yeye, hakuna mwingine, mpaka alipojifungua, ndipo Mzee Zebina, msimamizi wa waumini, akamwambia kwa upole, "Binti yangu, pumzika unyonyeshe. Marthana atakushikia."

Atamshikia! Marthana aliyebatizwa Pasaka iliyopita tu, mjane ambaye miaka yote alikuwa akioka maandazi ya sadaka kwenye hekalu la miungu! Na watu nao, hata haya hawana, wakitoka ibadani wanasema mkate siku hizi ni laini. Domnina akabaki amelala macho, mtoto kifuani, moyo unamwaka kwa husuda, mtoto ananyonya na maziwa hayatoki.

Kulipokucha alikwenda kwa Mzee Zebina akasema kwamba amemwona Marthana akipeleka maandazi hekaluni kwa siri, kama zamani.

Hakuwa ameona kitu.

Mzee akamwita Marthana, akamwuliza. Marthana akakana, akalia, akakana tena. Mzee akasema kwa huzuni kwamba mpaka ukweli ujulikane, Marthana atasimama nje ya mlango wakati wa ibada, pamoja na walio katika toba, na mkate aoke Domnina. Sasa, Marthana angeweza kukasirika akarudi alikotoka, na huko hekaluni wangempokea kwa ngoma. Hakurudi. Jumapili, kabla ya alfajiri, saa ambayo waumini walikuwa wakikusanyika kwa kujificha, maana imani yao ilikuwa imepigwa marufuku, alikuja akasimama nje kwenye baridi, shuka kichwani, anaomba kimyakimya.

Huko ndani ilikuwa desturi kwamba kabla mkate haujamegwa, shemasi anapaza sauti na kuuliza kama kuna mtu mwenye neno na mwenzake. Asiye na amani hawezi kutoa sadaka wala kula. Wakinyamaza wote, wanawake wanabusiana wao kwa wao busu la amani, na wanaume wao kwa wao, ndipo ibada inaendelea.

Shemasi akauliza. Kimya. Mkate wa Domnina uko pale mezani, na yeye amemkumbatia mtoto anawaza, nikisema watanifukuza, mume wangu ataficha wapi uso, na huyu mwanangu hawatambatiza, ataitwa mtoto wa mzushi. Mwanamke wa pembeni akamgeukia, ameshanyoosha uso ambusu. Domnina akarudi nyuma, akawapenya watu, akatoka nje.

Marthana alipomwona akaangua kilio. "Dada Domnina! Umenifuata mimi? Wewe peke yako ndiye uliyenikumbuka!"

Domnina akamkatiza. "Usinishukuru, dada. Ni mimi. Nilisema uongo, sikukuona popote."

Marthana akaishusha shuka kichwani. "Wewe? Na mimi niliyekufulia nguo siku uliyojifungua?"

"Ndiyo."

"Basi ingia ukayaseme hayo huko ndani."

Wakaingia wote wawili, na Domnina akayasema yote mbele ya watu. Mzee Zebina alimwomba Marthana radhi kwanza, maana naye alihukumu upesi, kisha akauliza, "Je, binti yangu, una amani na dada yako?"

"Sina," Marthana alijibu. "Siwezi kudanganya mbele ya meza hii. Sina."

Mzee akaufunika mkate kwa kitambaa. "Basi tutasubiri."

Wasubiri! Na nusu ya watu mle ni watumwa wanaotakiwa kuwa nyumbani kabla mabwana zao hawajaamka, mbingu imeanza kuwa nyeupe, na njiani kuna askari. Mmoja akashindwa kuvumilia. "Dada Marthana, kwa rehema za Mungu, tutakamatwa sote!"

"Mwache," mzee akamkemea. "Hatukuja hapa kumkaba mtu shingo ili asamehe."

Marthana akamgeukia Domnina. "Lakini kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

"Wivu tu, dada yangu. Walisema mkate wako ni laini kuliko wangu."

"Laini?" Marthana alishangaa kwelikweli. "Ule wa kwanza mzee aliuvunjia gotini!"

Mzee Zebina akakohoa. Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, wakazibana midomo kwa kuogopa askari, na Marthana mwenyewe akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Akamvuta Domnina, akambusu busu la amani, mtoto katikati analia kwa kubanwa. Mkate ukamegwa upesiupesi, na kwa fadhili zake Mwenyezi Mungu kila mtu alifika kwake salama.

Ndugu zangu, na hasa ninyi wenzangu wenye watoto wachanga, tunaoogopa kila kishindo na kila neno la watu, tuangalie jinsi husuda ilivyoingia kwa Domnina. Haikumwambia aue mtu, ilimwambia aseme jambo dogo tu kwa mzee. Tunamsifu kwa kuthubutu kusema "ni mimi." Tumsifu na Marthana, aliyethubutu kusema "sina" mpaka alipokuwa nayo. Kisa hiki kimetufikia kwa sababu Domnina mwenyewe, alipozeeka, alikuwa akiwasimulia kina mama vijana; hakukitoa mtu mwingine.

Maana asubuhi ile, wakiagana mlangoni, alimshika Marthana mkono akamwuliza kwa hofu, "Na mwanangu akikua, je? Watu watamwambia mama yake alifanya nini?"

"Wa humu ndani mzee ameshawaagiza wanyamaze," Marthana akasema, akimfunika mtoto vizuri asipigwe na baridi. "Na mimi, dada, naapa mbele za Mungu, simwambii mtu mwingine yeyote."