Sange Heliamu na Ua Mpana wa Kiboko Zenoni

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla gesi hazijafungiwa ndani ya taa na maputo, zilikuwa wanyama wenye nyumba zao. Katikati ya kila nyumba palikuwa na jiko. Elektroni, vitu vidogo kuliko chawa, zilizunguka jiko hilo zikiota moto. Mzunguko wa kwanza ulitosha elektroni mbili tu. Kwa wenye nyumba kubwa, mzunguko wa nje ulihesabiwa umejaa ukifika nane.

Ukoo wa Gesi Adimu ulikuwa na desturi yake: hakuna kuomba elektroni, hakuna kuazimana. Aliyeonekana ameshikana na jirani aliacha kigoda chake, akakaa mkekani mlangoni.

Sange Heliamu, kanyama kenye pua ndefu, alikuwa mdogo kuliko wote. Alikuwa na elektroni mbili na kigoda alichoachiwa na marehemu mama yake.

Asubuhi moja Kiboko Zenoni akaja, du! du! du!

"We Sange! Sisi nje tuna nane. Wewe mbili! Kigoda cha ukoo umekipataje?"

"Shikamoo, mjomba. Nimekirithi kwa mama."

"Mama yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini hesabu ni hesabu. Ijumaa nakuja kukichukua."

Sange akakitazama kigoda. Kilikuwa kimebonyea kidogo pale mama alipozoea kukaa.

"Mjomba, hizi mbili zimejaza mzunguko wangu. Ya tatu haina pa kukaa. Nimeshiba kama wewe."

"Loo! Utashibaje kwa mbili?"

"Basi tumwite Nguchiro Florini atupime. Atakayeshikwa naye aache kigoda."

Nguchiro huyo alikuwa na elektroni saba nje, na mchana kutwa alitafuta ya nane. Alinyang'anya karibu kila mtu.

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi nina elektroni hamsini na nne! Mizunguko mitano! Yule kidudu atanifanya nini?"

"Ndiyo maana nakuogopa, mjomba. Nani ana ua mpana kama wako?"

"Hakuna! Mwite!"

Sange akainamisha pua asionekane anacheka. Mara nyingi alikuwa amepita nje ya ua ule, akaona elektroni za pembeni zinavyotetemeka kwa baridi.

Ijumaa Nguchiro akafika pamoja na pacha wake, mate yakiwatoka. Wakaanza kwa Sange.

"Bismillahi," Sange akanong'ona.

Nguchiro akavuta. Nyii! Wapi! Pacha akamsaidia. Nyiiii! Elektroni mbili zilikuwa zimebanana palepale jikoni, hata hazikugeuka kutazama.

"Aka! Hapa hapavutiki," Nguchiro akasema, akifuta jasho. "Twende kwa mkubwa."

"Karibuni, wezi!" Kiboko akanguruma, akajitanua.

Jiko lake lilikuwa kubwa kweli, lakini mizunguko minne ya ndani ilikinga joto. Ule wa nje ulikuwa mbali, hauoti vizuri. Nguchiro akanyoosha mkono. Nyaka! Akadaka elektroni moja, akaing'ang'ania. Pacha naye, nyaka! Akadaka nyingine upande wa pili.

Kiboko akageuka kulia, Nguchiro yupo. Akageuka kushoto, pacha yupo. Akajitikisa, pu! pu! Hawakubanduka.

"Sange, mpwa wangu! Nitolee hawa!"

"Pole, mjomba. Mama aliniambia niziweke zangu karibu na jiko, basi." Sange akatandika mkeka mlangoni, akaupangusa vumbi kwa adabu. "Karibu ukae. Na wageni wako."

Kiboko akakaa, Nguchiro huku, pacha kule. Sange akavuta kigoda cha mama yake karibu na jiko, akakaa pale pale palipobonyea.

Basi, wanangu, msihesabu tu mlivyonavyo. Tazameni pia mmeviweka wapi.