Ufunguo wa Ghala la Baruti

Hapo zamani, zamani ile ya mbuzi wenye kimo cha ndovu, sultani mmoja alikuwa na ghala la baruti. Baruti si mchezo! Cheche moja tu, mji mzima unahamia mwezini. Ufunguo aliushika Shebwana, miaka thelathini, hata usingizini hauachii.

Sharti lilikuwa hili. Kila mwaka mshika ufunguo anasimamishwa sokoni, mpiga mbiu anauliza mara saba: "Nani anamdai huyu?" Akidaiwa, anavuliwa ufunguo. Mwenye deni, walisema, hununulika.

Mwaka huo Shebwana alidaiwa. Mama yake aliugua, waganga sabini wakamla mpaka mkeka, akakopa kwa tajiri Hambali. Siku ya mbiu akasimama, jasho linamtoka la kujaza kisima.

"Nani anamdai huyu?" Mara saba. Hambali kimya, anatafuna tambuu. Shebwana naye kimya.

Alasiri, Hambali akabisha hodi. "Ndugu yangu, nimekusitiri. Nisitiri na wewe. Mapipa mawili tu ya baruti, deni limekwisha."

Mkono wa Shebwana ukaenda kiunoni, kwenye ufunguo. Mkewe, Mize, akaudaka. "Baba Somoe, ukifungua, mimi na wewe basi!"

Shebwana akashusha pumzi. "Toka, Hambali! Kanishitaki!"

Hambali akaenda kweli. Siku ile ile Shebwana akavuliwa ufunguo, akapewa jirani yake, Kombo. Kesho yake Shebwana akakata rufaa barazani kwa sultani.

"Deni nililificha, sikatai. Lakini nimejaribiwa na mlango haukufunguka. Nani mwingine hapa kajaribiwa?"

Kombo akacheka. "Mimi sidaiwi hata punje ya mtama. Sharti ni sharti, kaka."

"Wewe!" Mize akaruka. "Mama yako naye aliumwa. Ulimpeleka kwa mganga gani?"



"Na mkono nani aliuzuia?" Mize akaendelea. "Deni lenyewe nimelilipa leo asubuhi, nimeuza shamba la marehemu baba. Ufunguo nipeni mimi!"

Habari ya shamba Shebwana hakuwa nayo. Wala hakujua, kama usingedakwa, mkono ule ungerudi wenyewe au la.

Sultani akaunyanyua ufunguo, watatu wote wakanyoosha mikono.

Haya, nyie mliokaa mnanitolea macho: aliyejaribiwa, asiyedaiwa, au aliyezuia mkono? Je, nani alistahili?