Mpaka Uliokuwa Njiani

Hapo zamani, wanangu, milima ilipokuwa bado haijaulizwa ni ya nani, palikuwa na kilima kimoja kidogo katikati ya falme mbili. Mashariki yake ilikuwa mbuga ya Mfalme Nyati. Magharibi ulikuwa msitu wa Mfalme Tembo. Juu, kwenye mawe, walikaa pimbi, viumbe wa mviringo wasio na mkia, wenye miguu myepesi na maneno mengi.

Kilima hicho kilikuwa na ukungu wake. Msicheke, nasema ukungu wake, kama mtu anavyokuwa na paka wake. Asubuhi ulilala upande wa magharibi. Adhuhuri uliamka, ukapanda taratibu, ukafunika kilele chote mpaka mtu asione hata mkono wake. Alasiri uliteremka mashariki, ukajinyoosha huko. Watu wote wakiwa wamelala, ulirudi magharibi bila kumwamsha yeyote.

Pimbi wanapenda kuota jua kuliko kula. Kwa hiyo asubuhi kijiji kizima kilitandika mikeka mashariki, na jioni kilihamishia mikeka magharibi. Na kwa kuwa adabu ni kumheshimu mwenye upande, asubuhi waliamkiana kwa Kinyati na kuapa kwa pembe, na jioni waliamkiana kwa Kitembo na kuapa kwa mkonga. Hakuna aliyeona kuwa ni unafiki. Ukimwuliza pimbi, "Wewe ni wa wapi?" kwanza alitazama jua liko wapi.

Nyumba ya pimbi mmoja, Sikudhani, ilikuwa juu kabisa, kileleni. Yeye alizaliwa magharibi. Mumewe, Mbwana, alizaliwa mashariki. Binti yao Tunu alizaliwa humo humo ndani, na kitovu chake kilizikwa chini ya kizingiti.

Siku moja akapanda Ngiri, tarishi wa barua za wafalme wote wawili, mkia juu kama bendera.

"Wafalme wamekubaliana," akasema, akihema. "Keshokutwa mpaka utapita hapa katikati. Kila mmoja atakaa upande kilipozikwa kitovu chake, na kuvuka ni marufuku. Bwana Mbwana, mashariki. Bi Sikudhani, magharibi."

"Na mtoto?" akauliza Sikudhani.

Ngiri akaitazama barua mbele, akaitazama nyuma. "Mtoto hajaandikwa."

Akateremka zake, kwata, kwata, kwata. Mbwana akaanza kufunga nguo zake, maana alikuwa mtu wa kutii. Sikudhani aliogopa. Aliogopa mpaka kunde alizokuwa akizichambua zikamwagika, naye asizione.

Mavyaa wake, mama yake Mbwana, akaziokota moja moja. "Mwanangu, ndiyo tuwe watu wa kupungiana mikono tu?"

Sikudhani aligeukia mlangoni. Alikuwa anautazama ukungu, ambao wakati huo ulikuwa unateremka mashariki bila haraka yoyote.

"Mama," akasema mwishowe, "umewahi kumwona Nyati alasiri?"

"Alasiri? Alasiri yumo matopeni amelala. Inaonekana pua tu."

"Na Tembo asubuhi?"

"Asubuhi anaoga. Mtoni hatoki mpaka jua lipinduke."

"Kumbe," akasema Sikudhani, na moyo wake ukatulia kidogo.

Kesho yake, kulipokucha tu, alishuka mbugani.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba, kijitu. Una haja gani?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Eti umekubali nusu ya kilima?"

"Nusu kwa nusu ni haki."

"Haki kwa Tembo, labda. Hebu tazama juu. Ukungu uko upande gani?"

Nyati akainua kichwa chake kizito. Kilele kilikuwa kinang'aa kwa jua, na ukungu ulikuwa kule ng'ambo. "Uko kwa Tembo," akasema.

"Basi apa hivi tu: penye jua ni pangu, penye ukungu si pangu, wala sipakanyagi. Tembo naye akiapa hivyo hivyo, atabaki na kipi?"

Nyati akacheka mpaka ndege wa mgongoni wakaruka. Akaapa kwa pembe zake.

Jua lilipopinduka, Sikudhani alikuwa msituni. Tembo ndiyo kwanza alikuwa ametoka mtoni, maji yanamchuruzika masikioni. Alipotazama juu, aliona kilele kinang'aa kwa jua, na ukungu uko kule kwa Nyati. Hakungoja kuelezwa mara mbili. Aliapa kwa mkonga wake.

Siku ya mpaka ikafika. Nyati alipanda asubuhi, Ngiri nyuma yake na mzigo wa vigingi. Wakachomeka kimoja baada ya kingine, ko, ko, ko, hadi kilele chote kikawa cha Nyati. Hapo ukungu ukaamka.

Ukameza kigingi cha kwanza. Nyati akarudi nyuma hatua moja, kwani kiapo ni kiapo. Ukameza cha pili, akarudi tena. Na upande wa pili Tembo, aliyekatiza kuoga kwake kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa anaufuata ukungu kwa nyuma, hatua kwa hatua, naye anachomeka vyake.

"Nyati," sauti nene ikatoka ndani ya weupe, "toka kwangu."

"Wewe uko penye jua au penye ukungu?"

"Nyuma yangu jua. Mbele yangu ukungu."

"Basi mbele yako si pako."

"Na wewe mbele yako kuna nini?"

Nyati akatazama. Mbele yake palikuwa peupe kama maziwa. Ndani ya weupe huo, pimbi wote walikaa wakisikiliza, wa mashariki na wa magharibi mikeka imegusana, wala hakuna aliyeona jirani yake ni nani.

"Bi Sikudhani," akaita Nyati, "mpaka uko wapi?"

"Uko njiani, Mfalme. Ukisubiri kidogo utakupita."

Kwa siku tatu wafalme walichomeka na kung'oa. Asubuhi Tembo alikimbia kuteremka, jioni Nyati alikimbia kuteremka. Siku ya tatu Ngiri akabwaga vigingi, akaenda kulala shimoni mwake, na hakuna mfalme aliyetaka kuvibeba mwenyewe.

"Umetuchezea," akasema Tembo kwa uchovu.

"Sikuwachezea, Mfalme. Hivi ndivyo tunavyoishi. Nimewakalisha nasi asubuhi na jioni, basi."

Tembo akayapepea masikio yake. Kisha akageuka, akauacha mpaka bila kuwekwa, akarudi mtoni. Nyati alikuwa ameshatangulia matopeni.

Mbwana akaufungua mzigo wa nguo, akazitundika moja moja mahali pake. Sikudhani, ambaye siku zote hizo hakutoa chozi, ndipo akakaa chini akalia, na Tunu akampanda mapajani. Nje, majirani walikuwa wanahamisha mikeka.

Nami naishia hapa, wanangu, kwa neno moja: aliyepaona mahali saa moja asijidai anapajua.