Jina la Mtoto wa Kizuizi cha Lihunde

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini, hizi za juzijuzi tu, lami ikiwa imeshafika milimani na simu zinashika mpaka shambani, palikuwa na dereva mmoja jina lake Ladislaus Ngailo. Alikuwa akiendesha gari la kusambaza sabuni. Anapakia mjini, anapanda milima, anashuka milima, duka hili katoni tatu, duka lile katoni mbili, hata gari liwe tupu. Likiwa tupu anarudi kupakia tena.

Mke alimfia zamani, na mtoto hawakujaliwa. Madukani walimwita Sabuni. "Sabuni kaja!" "We Sabuni, leo umetuchelewesha!" Vizuizini walimwita kwa namba ya gari. Ilipita wiki nzima bila mdomo hata mmoja kutamka Ngailo. Basi akishafika anapolala, akishazima gari, anajiuliza mwenyewe kwa sauti, "Ngailo, umefika?" Anajijibu, "Nimefika, baba." Anacheka kidogo, na kicheko kinamwishia mdomoni maana hakuna wa kukipokea.

Kule kwao mtoto hupewa jina la mtu, na jina halichagui, la mwanamume aweza kupewa binti, la mwanamke aweza kupewa kijana. Mtoto akishapewa jina lako, wewe na yeye mmekuwa somo. Mahindi mabichi ya kwanza anakuletea wewe. Ukiugua anakuja kukaa nawe. Ukifa, udongo wa kwanza kaburini anautupa yeye. Ngailo hakuwa na somo. Mwaka mmoja alimzika dereva mwenzake, naye hakuwa na somo, udongo wa kwanza ukatupwa na karani wa ofisini, huku anatazama saa. Ngailo alirudi nyumbani, chakula kikamshinda.

Sasa, madereva wale walikuwa na daftari la safari. Sheria ilisema hivi: ukishika usukani kwa muda wa saa tano, lala muda wa saa mbili, ndipo uendelee. Uandike umeondoka lini, umelala wapi, umeamka lini. Kwenye kizuizi askari anasoma, anagonga muhuri. Sheria nzuri, maana waliokuwa wakisinzia walikuwa wakienda korongoni na watu.

Lakini madereva walikuwa na mtindo wao. Walikuwa wakiandika usingizi alfajiri, kabla hawajatoka, ukurasa mzima wa siku ile. Mtindo huo waliuita kulilaza gari kwenye karatasi. Halafu wanaendesha bila kulala. Wakikaribia kizuizi wanaingia kichakani, wanasubiri pale hata saa ya kwenye karatasi itimie, ndipo wanajitokeza na nyuso za watu walioamka vizuri. Ngailo naye alifanya hivyo. Wote walifanya hivyo, isipokuwa mmoja, na huyo tutamfikia.

Siku ya mambo yenyewe, mvua ilikuwa haina adabu. Ngailo alikuwa ameandika: *Saa nne hadi saa sita, nimelala Mlimakaza.* Saa nne akapita Mlimakaza hata breki hakugusa. Ilikuwa siku ya pili hajalala vizuri. Akaendesha, akaendesha, kichwa kikaanguka, akakiinua. Akaendesha.

Saa tano akaona watu wawili wamekaa kwenye tope kando ya barabara. Bibi mzee, jina lake Eda, na mkwe wake, Eskola, ameshikilia tumbo. Gari la kwanza lilishawapita. La pili likawapita. La tatu likawapita, na tena likawarushia maji. La nne likapunguza mwendo, likatazama, likapita. La tano lilikuwa la sabuni. Likasimama.

"Kamwene, mama," Ngailo akasema.

"Salamu baadaye, mwanangu! Huyu anajifungua na hospitali ni ng'ambo ya kizuizi cha Lihunde!"

Akawapakia mbele, wakabanana. Akaondoa gari. Eskola akilia, Ngailo anakanyaga mafuta. Eskola akinyamaza, macho ya Ngailo yanajifunga yenyewe. Mara ya kwanza akazinduka peke yake. Mara ya pili gurudumu lilikuwa limeshaanza kusaga kokoto za ukingoni, ndipo Eskola akapiga ukelele wa uchungu, na ukelele ule ukamwamsha.

Wakafika kile kichaka cha kusubiria. Saa tano na nusu. Ngailo akajua vizuri kabisa: nikipita sasa, karatasi inasema nimelala Mlimakaza, leseni yangu imekwenda. Nikisubiri saa sita, niko salama. Akamtazama Eskola. Akapita.

Kizuizini alikuwepo askari mwanamke, Tasiana Mapunda, mtu wa maneno machache. Akachukua daftari, akasoma. Akasoma tena. Akatazama saa yake ya mkononi.

"Dereva, hapa inasema hivi sasa umelala Mlimakaza, na utaamka saa sita. Sasa huyu ninayeongea naye ni nani?"

Ngailo akageuka, akamtazama Eskola.

"Afande," Bibi Eda akadakia, "mambo ya karatasi yaache, huoni mtu anakufa?"

"Naona, bibi. Naona na macho ya huyu dereva wako yalivyoiva." Akamsogelea Ngailo dirishani, akashusha sauti. "Niambie kweli, kaka. Umesinzia leo?"

Hapo angeweza kusema hapana. Kulikuwa kumebaki milima miwili tu kufika hospitali.

"Mara mbili," Ngailo akasema. "Mara ya pili ni huyu mama ndiye aliyeniamsha. Mbele kuna ile kona ya korongo, afande. Sijiamini." Akachomoa funguo, akampa.

Pembeni ya kizuizi kulikuwa na gari la vifaranga, boksi kwa boksi, vinalia *piyo piyo piyo*. Dereva wake aliitwa Fidelis Haule, na ndiye yule mmoja niliyesema. Huyu alikuwa akilala kwelikweli. Wenzake walikuwa wakimtania, "Haule, wewe umeoa usukani au godoro?" Siku hiyo alikuwa amelala saa zake mbili, ameamka, anakunywa chai.

"Haule!" Tasiana akaita. "Gari la sabuni halina pa kumlaza mtu. Shusha vifaranga."

"Afande, vifaranga vya siku moja? Kwenye mvua hii? Bosi atanifukuza leo leo."

Eskola akalia. Haule akamwaga chai, akaanza kushusha boksi. Tasiana naye akaufungua mti wa kizuizi, akaingia nyuma na Eskola, akaacha lindo lake, jambo ambalo askari hafanyi. Bibi Eda akakaa mbele, akiomba dua. Gari likaondoka.

Ngailo akabaki peke yake na vifaranga mia nne.

Magari yakaja, yakaona kizuizi kiko wazi, yakapita. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani, unafanya nini hapo. Akazihamisha boksi, nyingine kibandani, nyingine kwenye kiti chake cha dereva. Akawasha jiko la mkaa la askari, akavua koti akafunika. Usingizi ukimjia anasimama. Akikaa unamjia, anasimama tena. Vingine vikafa, akavitenga. Alikuwa akiviambia, "Haya, wanangu, bado kidogo," na kumbe hakujua kidogo ni kiasi gani, wala kama kule ng'ambo mama na mtoto wangali hai. Hata jioni Haule akarudi.

"Kazaliwa," akasema. "Wa kike. Kazaliwa njiani, Afande kampokea kwa mikono yake. Wote wazima."

Ngailo akakaa chini kwenye tope, akalala palepale.

Basi. Ngailo akanyang'anywa leseni. Haule akafukuzwa kazi. Tasiana akavuliwa tepe kwa kuacha lindo. Na mtoto hakuwa na jina.

Kitovu kilipokatika, Bibi Eda akawaita wote watatu nyumbani kwake. Kwao mwenye kutoa jina ni bibi mzaa baba. Akawawekea viazi vya kuchemsha na chai, akampakata mtoto, akasema:

"Wanangu, jina ni moja. Halikatwi vipande kama mkate. Kila mtu aseme lake."

Tasiana akasema, "Bibi, mimi si msemaji. Mtoto alitoka amenyamaza, nikampangusa, nikampulizia, akalia. Sauti yake ya kwanza niliisikia mimi. Nikikutana na mkubwa wangu nasimama wima bila tepe, na sijuti. Mimi ndiye niliyempokea."

Haule akasema, "Dada, ungempokelea wapi? Barabarani? Mimi nilishika usukani, kona ya korongo nikaipita na maji yakivuka lami. Niliweza kwa sababu nilikuwa nimelala, siku zote nilikuwa nalala, wakanicheka miaka saba. Mimi ndiye niliyemfikisha."

Wakamtazama Ngailo. Yeye alikuwa akimtazama mtoto.

"Sema, Ngailo," Bibi Eda akamwambia.

Jina lake lile, mdomoni mwa mtu mwingine, likamfanya ainue macho. Akasema taratibu, "Mimi nilisimama, bibi. Na nilisema kweli. Zaidi ya hayo sina."

"Kweli gani?" Haule akadakia, maana ile kazi iliyopotea ilikuwa bado inamuuma. "Daftari lako uongo mtupu! Kaka, ungekuwa umelala kama ulivyoandika, ungemfikisha mwenyewe hadi mlangoni. Mimi ningekuwa na kazi yangu, Afande angekuwa na tepe yake. Tena kidogo uwaue wote watatu!"

"Ni kweli," Ngailo akasema.

"Subiri kwanza, baba," Eskola akasema kutoka kitandani. "Angelala kama alivyoandika, saa tano angekuwa Mlimakaza anakoroma. Na mimi saa tano nilikuwa kwenye tope. Gari la tano lingekuwa la nani?"

Haule akachukua kiazi, akakimenya.

"Lakini si kwa ajili yako alikuwa macho, mama," Tasiana akasema polepole. "Alikuwa macho kwa ajili ya sabuni."

"Na wewe," Haule akamgeukia, "ungekuwa hukumsimamisha, je?"

"Wangekuwa korongoni. Yeye mwenyewe kasema."

"Kasema yeye!" Haule akasema. "Bila kweli yake ungejuaje?"

Chai ikapoa. Bibi Eda akamwangalia Tasiana, mikono yake ile. Akamwangalia Haule, mtu aliyefuata sheria maisha yake yote na siku alipoiacha ya bosi wake ikamgharimu. Akamwangalia Ngailo, ameshusha macho, hana mtu duniani, hata kuomba haombi. Na Bibi Eda akajionya moyoni: huruma ni kitu kimoja, haki ni kitu kingine, na mtoto huyu atalibeba jina hili mpaka azeeke.

Mtoto akajinyoosha, akapiga miayo. Wote watatu wakainama kumtazama kwa pamoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnasikiliza, msiniangalie mimi. Mikono iliyompokea, usukani uliomfikisha, au breki iliyosimama wakati wengine wamepita: mngekuwa nyinyi ndio mmempakata, mtoto huyu mngemwita nani?